Mapokezi ya Bure

Watu wa kanisani kwetu wameniuliza swali moja tangu nianze kazi hii, na nimechoka kulijibu. "Kerubo, wewe ni Mkisii, unakaa Minnesota, unawachunguza Wahindi na Wafilipino ili uwashauri Wazungu wa Ulaya. Sasa wewe hapo katikati unatafuta nini?" Halafu wanacheka, na mimi nacheka kidogo kwa adabu huku ndani ninachemka. Nikianza kueleza, mtu ananiangalia mdomo tu. Nikimaliza ananiuliza kama kwenye hiyo kazi kuna bima ya meno.

Basi wacha nieleze mara moja, nisiulizwe tena. Ulaya imezeeka. Hospitali zake hazina manesi wa kutosha, kwa hiyo zinawatafuta Asia, wengi kutoka Kerala kule India na kutoka Ufilipino. Wanafundishwa lugha, wanakatiwa tiketi, wanapewa mkataba mzuri. Lakini hawamalizi mkataba, wengi wao wanafunga virago na kurudi kwao. Kamati moja huko Brussels ilitaka kujua kwa nini. Kazi hiyo ikaangukia kituo chetu cha utafiti hapa Minneapolis, na kituo kikanipa mimi, kwa sababu kabla sijapata udaktari wa vitabu nilikuwa nesi, na siri ya mtungi aijuaye kata.

Kamati yenyewe ilikuwa imeshawauliza. Iliwatumia manesi maswali kwenye kompyuta za kazini kwao: je, una malalamiko yoyote? Karibu wote wakajibu hawana. Na Wazungu wakaamini, jamani. Mtu mzima na digrii zake anamwuliza msichana wa watu kama ana shida, kupitia mashine ya mwajiri wake, anajibiwa hapana, anashukuru, anakwenda kula chakula cha mchana. Mimi nililelewa Nyamira na mama ambaye hata akiwa na homa ya kulazwa, mgeni akibisha hodi anaamka, anateleka chai na kusema sote tuko salama. Nilijua jibu la namna hiyo lina uzito gani.

Nikapanda ndege nikaenda kuwatafuta waliorudi. Huko Kerala nilijiona kabisa niko nyumbani. Ukikaa sebuleni, kinasa sauti kiko mezani, mambo yote yalikuwa mazuri. Wakubwa wa kazi walikuwa wema, baridi ilizoeleka, mshahara ulifika kwa wakati. Unazima mashine, unaaga, nesi anavaa kandambili anakusindikiza. Mkifika langoni, au kituo cha basi, anasimama, anatazama pembeni, halafu anasema ukweli wote. Si hivyo hivyo kwetu? Neno zito halisemwi mtu akiwa amekaa kwenye kochi, linasemwa wakati wa kusindikizana. Basi nikaigeuza hiyo kuwa njia yangu ya kazi. Ndani nauliza maswali ya adabu, nje natembea polepole sana kuelekea barabarani. Ufilipino nako ikawa vilevile.

Na kule barabarani walinieleza jambo moja kwa vinywa tofauti. Aliyepokelewa uwanja wa ndege na mtu wa kwao, akapikiwa wali, akapelekwa kununua koti, akakaa na mtu Jumapili ya kwanza, huyo alibaki. Aliyepokelewa na barua pepe aliondoka. Lakini yule mpokeaji naye alikuwa ni nesi kama wao. Alikuwa akitoka shifti ndipo anakwenda kupokea, bila malipo, bila kupumzika, bila mtu wa kupokezana naye. Mwishowe naye alikuwa anavunjika.

Jincy wa Kottayam ndiye ninayemfikiria kila mara. Yeye, akiwa huko Ulaya, alipokea manesi wa mji mzima peke yake mpaka akaugua. Sebuleni kwao aliniambia ilikuwa baraka. Kituoni, basi langu likiwa linakuja, akaniambia: "Nilianza kuogopa simu yangu. Halafu nikaanza kuwachukia wale wasichana, na hawakuwa wamenikosea kitu." Akajifuta macho kwa upande wa dupata yake, ule mtandio wa Kihindi. Nikamshika mkono nikamwambia neno lake nitalifikisha kwa wenyewe. Nilimwahidi, na mimi si mtu wa kuahidi ovyo.

Kwa hiyo pendekezo langu la kwanza kwenye ripoti lilikuwa hilo. Kila hospitali inayoleta manesi kutoka nje imwajiri mpokeaji. Kazi hiyo iwe kwenye mkataba, iwe na mshahara, iwe na ofu na likizo. Mengine yote niliyoandika wangeweza kufungia maandazi, hata nisingesikitika.

Kamati ikalipinga pendekezo hilohilo. Maoni yakarudi kwamba ushahidi wa langoni haukurekodiwa. Bila shaka haukurekodiwa, ndiyo maana ulikuwa ukweli. Ian, mkuu wa kituo chetu, Mmarekani mpole asiyeweza hata kukemea paka, akaniambia nitafute mtu mmoja tu anayefanya kazi ya kupokea wageni, aje mbele ya kamati aseme kwa jina lake kwamba hii ni kazi na inachosha. Jincy alikataa. Anataka kuomba kazi Ulaya tena, na hawezi kuonekana mlalamikaji. Hapo ndipo nilipomfikiria Mama Ken.

Na ili umwelewe Mama Ken lazima kwanza uielewe nyumba yangu. Mimi na mume wangu Solomon tulinunua nyumba Richfield kwa sababu bei yake ilitufaa. Hatukufikiria kwamba uwanja wa ndege uko hapo nyuma tu. Watu wa kanisa letu walifikiria kabla yetu. Kila Mkenya anayetua analetwa kwangu kwanza "apumzike kidogo" kabla ya kupelekwa anakokwenda. Huko kupumzika kidogo nimewahi kukaa nako tangu Pasaka hadi shule zikafungwa. Birindwa, baba mmoja kutoka Bukavu ambaye hata si wa kanisa letu, alikaa chini kwenye besimenti na watoto wake kipindi kizima cha theluji, kwa sababu mtu alimwambia kuna mama Richfield hana shida. Huyo mama asiye na shida ni mimi.

Anayewaleta ni Mama Ken, jina lake Jedidah, mwenyekiti wa kamati ya mapokezi ya kanisa letu. Kamati ina watu saba kwenye karatasi na mmoja barabarani. Anaishi New Hope, anafanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya kutunza wagonjwa, na akitoka huko anapitia uwanja wa ndege. Wiki moja kabla ya kikao nilimsindikiza hadi kwenye gari lake. Akiwa ameshashika mlango akasimama. Akaniambia magoti yamekwisha, gari linamfia njiani, na mume wake amemwambia kama anaupenda uwanja wa ndege ahamie huko. Akalia kabisa, mama mzima, na machozi yakamgandia mashavuni.

Nikamwambia, "Mama Ken, hayo hayo unayoniambia, utakuja kuyasema mbele ya watu wa Ulaya? Si kwa ajili yako tu. Kuna wenzako wengi."

"Nitayasema."

"Vilevile?"

"Kwani mimi ni mwongo, Kerubo?"

Nikalala usingizi mzuri siku hiyo. Mjinga mimi.

Kikao kilikuwa saa mbili asubuhi kwa saa za hapa, kwa njia ya video. Nilikuwa nimepanga kufanyia ofisini, kwenye chumba chenye mlango. Lakini jana yake mchana alikuwa ametua Mumbi, nesi kutoka Nyahururu aliyeajiriwa na nyumba ya wazee kule Woodbury. Mwajiri alikuwa ameahidi apatimenti na mtu wa kumpokea. Alichopata ni ujumbe kwenye simu kwamba apatimenti haijawa tayari, karibu sana Minnesota. Mama Ken akamchukua, akamleta kwangu. Sanduku lake moja lilibaki Amsterdam. Singeweza kumwacha mtoto wa watu peke yake asubuhi yake ya kwanza kwenye nyumba asiyoijua, na Solomon alikuwa ametoka shifti amelala. Kwa hiyo nikakaa nyumbani. Kompyuta nikaiweka kwenye meza ya kulia, kwa maana huko ndiko mtandao unakoshika.

Nilipoamka nilimkuta Mumbi ameshaosha vyombo vyote, pamoja na vile vilivyokuwa visafi. Alikuwa anasugua jiko. Alikuwa amevaa sweta la Solomon juu ya koti lake mwenyewe.

"Anti, pole kwa kuwasumbua," akasema.

"Unasumbua nani? Acha hilo jiko."

"Anti, nilikuwa naomba unionyeshe hoteli ya bei ya chini. Nikae huko hadi waniite."

"Hoteli? Mama yako akisikia nimekuacha ulale hoteli atanionaje? Keti chini, bwana."

Akaketi, lakini kwenye ukingo wa kiti, kama mtu anayengoja kuitwa hospitalini. Macho yalikuwa mekundu. Nilijua alikuwa amelia, na nilijua nikimwuliza ataniambia ni vumbi la ndege. Sikumwuliza.

Mama Ken akaingia bila kubisha, kama kawaida yake. Nilikuwa nimetarajia aje na nguo zake za kazi, uchovu ukiwa usoni, Wazungu wajionee wenyewe. Loo. Alikuwa amepita kwake New Hope, akaoga, akavaa ile suti ya kitenge ya harusi ya mwanawe na kilemba kirefu. Mdomo umepakwa rangi. Mkononi hotpoti ya chapati na thamosi ya uji.

"Mama Ken, unaenda wapi hivyo?"

"Si umesema kuna wageni?"

"Wako Brussels. Wataona kichwa tu."

"Basi wakione kikiwa kizuri." Akamwekea Mumbi uji na chapati pale pale mezani, upande wa pili wa kompyuta, ambako kamera haifiki. "Kula, mama. Kula uote nyama. Hawa ni watu wa kazi ya anti yako, usiwajali."

Nilitaka kumwambia Mumbi aende chumbani, lakini unamwambiaje mgeni aondoke mezani na bakuli limejaa? Kengele ya kikao ikalia. Ian akatokea kwenye kioo, kisha watu wa kamati mmoja mmoja. Mwenyekiti ni mama wa Kibelgiji anayeitwa Annelies, mwenye nywele za mvi na macho ya kusikiliza kweli. Nitasema haki yake, alikuwa upande wangu. Alitaka tu kitu cha kushika mkononi. Nikaeleza Kerala, nikaeleza Iloilo kule Ufilipino, nikaeleza mpokeaji ni nani na anavunjika vipi. Kisha nikamkaribisha Mama Ken kama mtu anayeifanya kazi hiyo hiyo hapa kwetu.

Mama Ken akasogea mbele ya kamera akatabasamu. Lile tabasamu nililijua. Ni tabasamu la mama yangu na homa yake.

"Habari zenu huko Ulaya," akasema kwa Kiingereza chake safi cha kwenye harusi. "Poleni na kazi."

Annelies akamwuliza kama kazi ya kupokea wageni ni nzito.

"Hapana, mama. Tumezoea. Mgeni ni baraka."

"Mama Ken," nikasema kwa upole, "waeleze kuhusu magoti."

"Magoti? Hayo ni umri tu. Hata Wazungu huzeeka."

Wakacheka huko Brussels. Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Akasogeza mguu.

"Na gari," nikasema. "Waambie habari za gari."

"Gari liko sawa. Mungu ni mwema."

"Na nyumbani wanaonaje?"

"Mume wangu ananiunga mkono sana." Alisema hivyo bila kupepesa jicho, haki ya Mungu.

Kulikuwa na bwana mmoja kwenye ile kamati, mwenye miwani na sweta, ambaye tangu mwanzo alikuwa anaangalia bajeti. Akainua kidole. Akauliza, serikali au mwajiri anatoa msaada gani kwa kazi hii?

"Hakuna," Mama Ken akasema, na akajinyoosha kwenye kiti. "Hatujawahi kumwomba mtu hata senti. Tunajitegemea."

"Kwa hiyo jamii inaibeba yenyewe, kwa hiari, bila gharama yoyote?"

"Bila gharama yoyote, baba."

Yule bwana akaandika. Nilimwona akiandika, na mkono wake ulikuwa na haraka ya mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta. Nikasema naomba tupumzike kidogo, shahidi wetu ametoka kazini usiku na inabidi aende alale. Annelies akakubali. Nikazima sauti na picha, nikamshika Mama Ken kiwiko, nikamtoa nje.

Tulifika kwenye gari lake. Nilikuwa nimesahau kuvaa koti na sikuhisi baridi, hasira ilinitosha. Akaingia, akageuza ufunguo. Gari lililo sawa likakohoa na kunyamaza.

"Mbona umenifanyia hivi?" nikamwambia. "Mbona, Mama Ken? Juzi hapa hapa ulilia. Nilikuomba neno moja. Useme umechoka, basi."

"Ningewaambia nini? Watu sijawahi kunywa nao hata maji, wananiangalia kutoka kwenye kioo, niwaanikie mume wangu?"

"Mficha uchi hazai."

"Mimi nimeshazaa. Wanne wananitosha."

"Si mzaha. Kuna watu kule wanaugua kwa sababu ya hii 'hakuna shida' yetu. Yule bwana ameandika kwamba ni bure. Ni wewe uliyemwambia."

Akageuza ufunguo tena, likakataa. Akauacha, akaweka mikono juu ya usukani na kutazama mbele, kwenye mlango wa gereji yangu.

"Na yule msichana?" akasema. "Ameketi pale, anakula chapati yangu. Kiingereza anakisikia kutushinda. Ulitaka nimwambie kwamba kinachomaliza magoti yangu ni yeye?"

Nikakasirika zaidi.

"Nimechoka, Kerubo," akasema polepole. "Nimechoka hadi kwenye mifupa. Usiku wa jana mgonjwa aliniita mara tatu ndipo nikamsikia. Siku moja mtu ataniita na sitaamka. Ninataka kuiacha hii kamati na sijui nimwachie nani. Nikiona namba nisiyoijua kwenye simu, naigeuza kifudifudi."

"Njoo ndani uyaseme hayo. Bado wapo. Nakuomba."

"Hayo nimekuambia wewe."

"Mama Ken."

"Wewe ndiye msomi. Yaseme wewe, kwani mdomo huna?" Akageuza ufunguo mara nyingine, na gari likawaka. "Rudi ndani, utapata nimonia. Na umpe yule mtoto uji wa pili, hakula kitu kwenye ndege."

Akaondoka kurudi nyuma hadi barabarani, kilemba kikigusa dari. Nikasimama pale nikimtazama. Ndiyo matatizo ya hii mikutano ya video, nikawaza. Haina lango. Mtu akimaliza kusema anabonyeza anapotea, hakuna wa kumsindikiza, na wale wa Brussels wameketi kwenye viti vyao hadi leo wakingoja ukweli uje kuwakuta sebuleni.

Basi nikaamua. Alichosema Mama Ken ni kweli, mdomo ninao. Nitasema mimi. Nimelaza watu kwenye besimenti, nimewapa watu kitanda cha mwanangu, nimekosa kumaliza sura nzima ya utafiti kwa sababu ya kusaka viatu vya theluji vya watoto wa watu. Nimewahi kuzima taa za mbele Mama Ken akipiga honi ili adhani hatupo. Hilo hata Solomon halijui. Nitaliweka mezani, na jina langu juu yake, na Jincy atakuwa amefikishiwa neno lake. Nikaingia ndani nikiwa nimelipanga vizuri kichwani, la kwanza, la pili, la tatu.

Mumbi alikuwa bado mezani. Bakuli lilikuwa nusu. Nikakaa, nikawasha picha na sauti, nikajiandaa kuanza, lakini Annelies akanitangulia.

"Dokta Kerubo, tumezungumza wakati ulipotoka," akasema. "Nitakuwa wazi. Wenzangu wanaona pendekezo la kwanza litolewe. Mimi ningependa libaki. Lakini shahidi pekee aliyesema kwa jina lake ametuambia si mzigo, na hiyo imeingia kwenye kumbukumbu. Ian ametueleza kwamba wewe pia unapokea wageni, hapo hapo nyumbani kwako. Ukituambia tofauti, nina mahali pa kusimamia na nitalipigania. Kwa hiyo nakuuliza wewe, si kama mtafiti. Kuwapokea watu hawa ni mzigo kwako? Naomba jibu fupi tuliandike."

Ian, kule kwenye kona yake ya kioo, akanipa ishara ya kunitia moyo kwa kidole gumba.

Ndivyo ilivyokuwa rahisi. Mwanamke mwenye nguvu zote za kunisaidia ananiuliza neno moja. Ndiyo. Ni neno dogo kwa Kiingereza, halijazi hata mdomo.

Na upande wa pili wa kompyuta kijiko kilikuwa kimesimama. Mumbi hakuniangalia. Alikuwa anatazama ndani ya bakuli, mabega yameinuka hadi masikioni ndani ya lile sweta kubwa. Alikuwa amesikia swali, kila neno. Alikuwa anangoja jibu kuliko Annelies.

Nikafikiria kubeba kompyuta niende nayo chooni. Angejua kwa nini nimeondoka. Nikafikiria kusema ndiyo, kisha nimweleze baadaye kwamba ni mambo ya sera, si yeye, ni hesabu za Ulaya, ni manesi wa Kerala. Angeitikia, angesema ameelewa kabisa, anti, hakuna neno. Na jioni ningekuta kitanda kimetandikwa na sanduku lake moja limeondoka. Nikamfikiria Jincy kituoni na upande wa dupata machoni. Nilimfikiria kweli. Sitaki mtu aseme sikumfikiria.

"Dokta Kerubo? Unatusikia?"

"Nawasikia," nikasema.

"Ni mzigo?"

Nikamlaani Mama Ken, na kilemba chake, na mama yangu Nyamira, na Ulaya yote.

"Hapana," nikasema. "Sio mzigo. Tunafurahi sana wakija."

Annelies akaniangalia. Nilimwona akisikitika. Kisha akanishukuru kwa kusema ukweli, akainama, akaandika. Nilijua anaandika nini, kwa maana ningekuwa mimi kwenye kile kiti ningeandika hivyo hivyo. Mumbi akashusha mabega, akachota uji, akaendelea kula.